Soseji bapa za kuku zinatoa maji na kuvunjika kikaangoni: ushauri tafadhali

BintiMkomani (Lamu)

Salaam aleikum wanajamvi. Napika kiamsha kinywa kwa wageni katika nyumba ya kulala hapa Mkomani, na nataka tuachane na soseji za pakiti. Ninazotaka ni zile bapa, zisizotiwa ndani ya utumbo, za kuku mtupu, ili kila mgeni ale bila kuuliza kilichomo.

Kwa sasa zinatengenezwa hivi: kidari kilo 1 bila ngozi, kimeoshwa kwa maji ya ndimu na kusagwa buchani. Kitunguu maji kikubwa 1 kibichi. Thomu na tangawizi mbichi zilizotwangwa, kijiko cha mezani kila moja. Chumvi kijiko 1 cha chai, pilipili manga, uzile, dania, yai 1 na slesi 2 za mkate. Huchanganywa jioni na kulala kwenye friji.

Asubuhi mchanganyiko umelegea, hauumbiki. Kikaangoni zinatoa maji meupe, zinatokota badala ya kukaangika, na zikigeuzwa zinakatika katikati. Zikiiva ni kavu, na ladha ni ya kababu, si ya soseji. Nianze kurekebisha wapi?

KisuChaBucha (Malindi)

Waaleikum salaam dadangu. Anza na tangawizi, hiyo ndiyo inayokulegezea nyama. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini, kama lilivyo papai bichi tunalopaka nyama ya mishkaki. Kwenye mshikaki inafaa kwa sababu kipande ni kizima na hakikai nayo muda mrefu. Kima imeshasagwa tayari. Ikilala na tangawizi mbichi usiku kucha, asubuhi unakuta uji. Tia ya unga, nusu kijiko cha chai kwa kilo. Ikishakaushwa nguvu hiyo hupungua sana.

Pili ni chumvi, na hapa usiifikirie kama kitu cha ladha tu. Chumvi ndiyo gundi. Inayeyusha protini ya nyama mpaka inanata, na ule unato ndio unaoshika maji na mafuta ndani soseji inapopata moto. Kijiko kimoja cha chai ni kama gramu 6, na kilo moja inataka gramu 15 hadi 16, yaani vijiko viwili na nusu vya kusawazisha kwa kisu. Nunua mizani ndogo ya jikoni, vijiko vinadanganya.

Tatu, ndimu. Asidi inaipika nyama juu juu, ndiyo maana inageuka nyeupe, na protini iliyokwisha geuka hivyo hainati tena. Juu yake umeongeza maji. Kama lazima uoshe, osha kuku mzima kabla ya kukata, mfute kwa karatasi mpaka akauke kabisa, na ndimu uiache.

Nne, kidari. Kina mafuta asilimia 2 au 3 tu, basi hata ungefanya mengine yote sawasawa, kingekauka. Paja pamoja na ngozi yake hufika asilimia 15 hadi 17. Toa mfupa, toa zile kano nyeupe ngumu, ngozi iache.

UpepoWaKaskazi (Shela)

Yote ya KisuChaBucha ni kweli, ila kwenye ngozi pana tahadhari. Ngozi huteleza, haisagiki vizuri, na ukiitia nyingi soseji inakuwa ya kutafuna kama mpira. Nisingevuka gramu 150 za ngozi kwa kilo ya mchanganyiko. Igandishe mpaka iwe ngumu, ikate vipande vidogo, isage peke yake mara mbili, kisha ichanganye na nyama.

Kuku wa kienyeji msimtumie kwa kazi hii. Ni mtamu kwa mchuzi, lakini mafuta hana na nyama yake ina nyuzi. Chukua wa gredi. Kama unapata kuku wa mayai aliyekoma kutaga, tumboni mwake mna mafuta mengi ya manjano. Yatoe uyagandishe: gramu 100 za hayo kwa kilo ya paja lililotolewa ngozi zinatosha.

BintiMkomani

Shukran sana. Na kusaga je? Wa buchani anasaga kila kitu kwa mashine moja, ng'ombe kwanza halafu kuku wangu.

KisuChaBucha (Malindi)

Kuku asagwe nyumbani. Mashine ya mkono ya kufunga mezani inatosha. Mafuta ya kuku huyeyuka upesi kuliko ya ng'ombe, na kwa joto letu la pwani yanaanza kulainika yangali mezani. Yakiyeyuka wakati wa kusaga, yanaipaka nyama na kuizuia kunata, halafu kikaangoni yanakimbia yote. Yale maji meupe unayoyaona ni maji na protini iliyokosa kushikwa.

Kata nyama vipande vya sentimita 2 au 3, vitandaze kwenye sinia bila kurundika, tia kwenye friza dakika 30 hadi 40. Vitoke vigumu pembeni, katikati vinabonyea kidogo. Kisu cha mashine, sahani ya matundu na ile skrubu navyo vilale kwenye friza. Sahani iwe ya matundu ya milimita 5 au 6.

Tazama nyama inavyotoka. Ikitoka nyuzi zilizoachana, nyekundu mbali na nyeupe mbali, uko sawa. Ikitoka kama losheni ya waridi, ama nyama imepata joto, ama kisu ni butu, ama kano zimejizungusha kwenye kisu. Simama hapo hapo, fungua mashine, safisha, rudisha nyama kwenye friza. Ukiendelea, hakuna cha kuirekebisha baadaye.

Ikishasagwa, tia chumvi, viungo na maji ya barafu vijiko 4 vya mezani. Changanya kwa mkono dakika 2 hivi. Kipimo chake: chukua donge, libandike kwenye kiganja, geuza kiganja chini. Likining'inia bila kuanguka, acha hapo. Ukizidi sana inakuwa ngumu ya kudunda, kama soseji ya kiwandani.

MamaShamari (Malindi)

Kuhusu ladha, toa uzile na dania. Hizo ndizo zinazoita kababu. Soseji ya asubuhi ya Kimarekani, ambayo nadhani ndiyo wageni wako wanayoitafuta, harufu yake ni majani makavu ya seji. Kwa kilo moja: seji iliyopondwa vijiko 2 vya chai, thaimu kavu kijiko 1, pilipili manga iliyosagwa sasa hivi vijiko 2, kungumanga ya kukwaruza robo kijiko, pilipili kavu nusu kijiko, na sukari guru kijiko 1 cha mezani. Thomu kidogo, punje 2 tu.

Seji isipopatikana Lamu, usihangaike. Kaanga shamari bila mafuta, itwange nusunusu, vijiko 2 vya chai. Waitaliano hutia shamari kwenye soseji zao, kwa hiyo ladha bado ni ya soseji.

Kitunguu maji kibichi kiondoke, ni maji matupu. Ukikipenda, kikaange mpaka kiwe kahawia na ukipoze kabisa kwanza. Na kabla hujaumba yote, kaanga kipande kidogo uonje. Chumvi huwezi kuipunguza baadaye, lakini kuongeza bado unaweza.

JahaziLaPate

Mkate na yai hamjavigusa. Yai litolewe: linaongeza umajimaji na kuifanya iwe katlesi. Mkate sipingi, kwa mtu anayelisha wageni wengi. Gramu 50 za chenga kavu kwa kilo hushika mchuzi wa nyama vizuri.

KisuChaBucha (Malindi)

Kwenye mkate natofautiana nawe, ndugu. Nyama ikinata sawasawa haihitaji kitu. Mkate hupunguza utamu wa kuku na kuungua upesi pembeni. Lakini akitaka kuongeza idadi, gramu 50 ndiyo mwisho, na chumvi aipime kwa uzito wa vyote pamoja.

Kuumba: gramu 60 kila moja, mikono imeloweshwa maji baridi, upana sentimita 8 na nusu, unene 1. Kilo inatoa 17 au 18. Bonyeza shimo dogo katikati kwa kidole gumba, la sivyo zitavimba na kuwa mviringo. Kikaango kizito, moto wa wastani kwa sababu ya sukari guru, mafuta kijiko kimoja. Zisigusane; ukizijaza, mvuke hauna pa kutokea na zitatokota tena. Dakika 4 bila kuzigusa. Soseji ikiwa tayari kugeuzwa hujiachia yenyewe. Ikigandamana na chuma, bado. Geuza, dakika 3 nyingine. Usikandamize kwa mwiko. Kipimajoto ukichome kutoka ubavuni mpaka katikati: sentigredi 74. Rangi peke yake isikuhakikishie, kima ya kuku huweza kuwa nyeupe kabla haijafika hapo.

BintiMkomani

Swali la mwisho. Wageni huketi saa mbili asubuhi, na stima huku hukatika. Nifanye kazi ipi jioni? Naweza kuzipika nusu usiku nikamalizia asubuhi?

UpepoWaKaskazi (Shela)

Kupika nusu usithubutu. Joto la nusu haliui vijidudu, linavipa mazingira ya kuzaana. Ama zilale mbichi, ama uzipike mpaka mwisho na kuzipoza upesi. Kwenye joto la juu ya sentigredi 32 usiziache nje zaidi ya saa moja. Asubuhi zipashe zifike 74 tena.

Mimi ningeziumba jioni na kuzigandisha mbichi. Zitandaze kwenye sinia zisigusane, zikishakuwa ngumu zipange kwenye mfuko, karatasi ya kuokea kati ya moja na nyingine, hewa yote itoke. Zinakaa vizuri miezi 2 hadi 3. Mbichi za kwenye friji ya kawaida, siku 1 au 2 tu. Asubuhi zikaange zikiwa bado barafu: moto mdogo, kifuniko juu dakika 5, kisha fungua, ongeza moto kidogo zipate rangi pande zote mbili. Pima 74 vilevile.

Stima ikikatika, usifungue mlango. Friza iliyojaa hushika baridi kama saa 48, iliyojaa nusu saa 24, friji ya kawaida saa 4. Kwa hiyo ukiwa na nafasi, jaza chupa za maji zigande humo. Stima ikirudi, soseji ambazo bado zina chembe za barafu ndani unaweza kuzirudisha. Zilizolainika kabisa na kupoteza ubaridi, zitupe.