Tupeane uzoefu: mtoto anapenda hesabu, kuandika hataki. Asome uhandisi gani?

Mama wa Barabara ya 9
Habari za jioni wadau. Naomba wenye uzoefu mnisaidie, hasa watu wa Tanga na nyie mliosomea hapa mkaondoka mkatuachia mapango yetu ya Amboni. Kijana wangu kamaliza Kidato cha Sita, PCM. Hesabu A, Fizikia B, Kemia C. GS (General Studies, lile somo la maarifa ya jumla) kapata S, na hiyo nahisi msahihishaji alimwonea huruma. Tangu mdogo ukimpa swali la hesabu halali mpaka alifumue. Mwambie andika insha, utamkuta kaandika robo ukurasa na pembeni kachora trekta. Sasa anataka uhandisi, na swali lake kwangu ni moja: "Mama, upi hauna kuandika?" Mie nauza vitenge Ngamiani, nitajuaje? Sivili, umeme, mitambo, kemikali, kwangu wote ni mainjinia. Dirisha la udahili ndilo hilo linakuja. Sitaki ya kusikia kwa jirani, nataka uliyesoma mwenyewe useme yaliyokukuta.

Nyundo
Nafuatilia. Wangu yuko Kidato cha Tatu na dalili ni hizo hizo.

Fundi Waya
Shikamoo mama. Mie mtoto wa Makorora, nimesoma umeme Mlimani, miaka minne, sikubeba somo la mwaka wa nyuma ila sapu (mtihani wa marudio) nilikula moja. Kama anapenda hesabu kikweli, aje kwetu. Miaka miwili ya mwanzo ni hesabu juu ya hesabu. Zile namba changamano alizofundishwa shuleni, akaambiwa i ni kipeuo cha pili cha -1 akajiuliza inamsaidia nini, kwetu ndiyo ugali wa kila siku. Tena hatuandiki i, tunaandika j, maana i tulishaupa mkondo wa umeme. Ukitaka kujua mkondo umechelewa kiasi gani nyuma ya volteji, bila j utahangaika na saini na kosaini mpaka adhana ya alfajiri. Halafu zinakuja mbinu za hesabu za Laplace na Fourier. Wenzangu walikuwa wanalia, mie nilikuwa naona raha.

Lakini nisikudanganye. Kila jaribio la maabara lina ripoti: lengo, vifaa, nadharia, matokeo, majadiliano. Kwenye majadiliano mie nilikuwa naandika "matokeo yamekubaliana na nadharia", naweka nukta, naenda zangu kula. Nusu ya maksi ilikuwa inabaki kwa mwalimu.

Nikadhani ukishapata shahada hayo yameisha. Kazi ya kwanza nikaipata shamba moja la mkonge, huku huku mkoani. Mota za korona (ile mashine ya kuchakata majani, siyo ugonjwa) zilikuwa zinakula umeme vibaya. Mzigo halisi kilowati 200, pawa fakta (sehemu ya umeme unaovutwa ambayo inafanya kazi kweli) 0.7. Gawanya: kVA 286, ndiyo jumla inayovutwa. Na mteja mkubwa halipii uniti peke yake, analipia pia kVA za juu kabisa alizofikia mwezi ule. Ukifunga kapasita za kVAr (kipimo cha ukubwa wake) kama 138, pawa fakta inapanda mpaka 0.95 na kVA zinashuka hadi 211. Nilimaliza hesabu hiyo chai haijapoa. Nikampelekea meneja karatasi, fomula toka juu hadi chini, mwisho kabisa nikaandika "kapasita zinahitajika".

Karatasi ililala kwenye trei yake miezi minne. Siku moja mhasibu, mama mtu mzima, akaniuliza hii nini. Nikamweleza kwa mdomo. Akaandika yeye aya mbili: tunalipia kVA 75 ambazo hazizungushi mota hata moja, kifaa cha kuziondoa ni hiki, bei yake hii, kitarudisha pesa yake kwa muda huu. Wiki hiyo hiyo pakasainiwa. Hesabu yangu, sifa zikaenda uhasibuni. Niliumwa roho mwezi mzima.

Mama wa Barabara ya 9
Marahaba mwanangu. Hiyo ya mhasibu nimemsomea. Kasema "mimi ningemweleza meneja kwa mdomo". Haya, wengine?

Binti Pangani
Shikamoo mama. Mimi sivili, na nilifuata hesabu vile vile kama yeye. Zipo. Boriti iliyolala juu ya nguzo mbili ikabeba mzigo ulio sawa kila mita, ukiongeza urefu wake mara mbili, nguvu ya kuipinda katikati inapanda mara nne. Mara ya kwanza nilipoliona hilo kwenye ubao nilitabasamu peke yangu darasani. Mpaka leo nikiingia ukumbi wa harusi naangalia dari kabla ya bibi harusi.

Ila saiti ni barua, mama. Barua asubuhi, barua jioni. Nilikuwa kwa mkandarasi mmoja wa barabara, jina liache. Masika yetu mnayajua. Siku 19 mitambo imesimama, udongo umekuwa uji wa mgonjwa. Mkataba ulikuwa wa FIDIC (mikataba ya ujenzi ya kimataifa), ile ya 1999, kifungu cha 20.1: ukitaka kudai muda wa nyongeza, unatoa notisi ya maandishi ndani ya siku 28 tangu ulipolijua tukio. Namba zote nilikuwa nazo: milimita za mvua za kila asubuhi, saa ambazo kila greda lilisimama, lita za dizeli. Jedwali langu lilikuwa zuri, nililipaka na rangi. Notisi sikuandika. Nilijiambia, mhandisi mshauri ofisi yake iko mita mia mbili, mvua anaiona kwa macho yake, nimwandikie nini?

Nikaandika siku ya 33. Jibu lilikuwa mstari mmoja: mmechelewa. Tukakatwa fidia ya ucheleweshaji kwa kila siku, na bosi hakunifukuza, alinifanyia kibaya zaidi, akawa haniamkii.

Notisi yenyewe ingekuwa mistari mitano. Mtoto anayeandika robo ukurasa angeiweza.

Chenga
Siku hizi si kuna AI? Inaandika kila kitu hata notisi.

Binti Pangani
Inaandika, hata mimi naitumia kunyoosha Kiingereza. Ila yenyewe haikuwepo kwenye matope. Greda lilikwama kilomita ya ngapi na saa ngapi utaiambia wewe, kwa maneno yako. Na saini chini ni yako.

Mpima
Nyie wote mmekosea njia, haha. Nilisoma jiomatiki, yaani upimaji wa ardhi, Chuo Kikuu Ardhi. Sisi tunaandika namba: pembe, umbali, kimo, kutwa nzima. Na hesabu siyo ya mchezo. Pima pembe tatu za pembetatu porini ujumlishe, hupati 180 kamili hata siku moja, kuna sekunde zinazidi au zinapungua, na kuzigawa hizo sekunde kwa haki kwenye mtandao wa vigingi mia mbili ni matrisi mpaka macho yaume. Mimi nimeishi humo kwa raha miaka kumi na moja.

Aibu yangu ni moja. Nilipima shamba Muheza, mipaka sahihi kwa sentimita. Kwenye maelezo ya vigingi nikaandika kigingi namba nne "kipo karibu na mchungwa mkubwa". Muheza! Shamba zima michungwa. Kigingi kikang'olewa na wachunga ng'ombe, ndugu wawili wakagombania mchungwa upi ndiyo mkubwa, na mimi nikaitwa kurudi kwa nauli yangu.

Nyundo
😂😂 Ndugu gani hao, nahisi nawajua.

Saruji
Kemikali kwa ufupi. Hesabu yetu kubwa ni mizania, kinachoingia kiwandani lazima kitoke au kibaki ndani. Mawe ya chokaa kilo 100 safi ukiyachoma yanakupa chokaa kilo 56, nyingine 44 ni hewa ya kaboni imepanda bombani. Ndiyo maana viwanda vya saruji vimekaa Pongwe na Maweni, huwezi kusafirisha jiwe ambalo karibu nusu yake litapaa. Hesabu ni rahisi kuliko za Fundi Waya, kuna mwaka nilijiona nimerudi darasa la saba. Lakini mwaka wa nne mnabuni kiwanda kizima kwenye karatasi, na kitabu chake ni kinene, kurasa mnagawana kama nyama ya Iddi. Kama kuandika ni sumu kwake, asije.

Bomba
Mitambo hapa. Sisi tuko katikati, wala sina kisa cha kutoa machozi. Mfano wa karibu na nyumbani: mafuta ya Uganda yana nta, yakipoa yanagoma kutembea. Ndiyo maana bomba la kutoka Hoima mpaka hapa Chongoleani, kilomita 1,443, limebuniwa na blanketi la kuzuia joto lisitoke pamoja na mfumo wa kulipasha. Kila mita inapoteza joto kiasi gani, hiyo ndiyo aina ya hesabu utakayofanya mwaka wa tatu. Sema kazini hesabu yenyewe inafanywa na programu ya kompyuta. Unayolipwa kufanya ni kueleza kwa nini uliiamini.

Namba Tupu
Na hapo ndipo nilipodanganyika mimi. Mama, muulize anapenda hesabu au anapenda kufaulu hesabu? Mimi niliipenda yenyewe. Nikaenda uhandisi kwa sababu mtaa mzima unajua mwenye A ya hesabu ni injinia. Mwaka wa tatu hesabu ikaisha, zikabaki jedwali na viwango. Nilihama, nikasoma takwimu. Baba hakuzungumza nami mpaka nilipopata kazi. Kuna hiyo, kuna sayansi ya bima ambayo ni hesabu tupu za hatari na umri wa kuishi. Haina heshima ya kofia ya njano lakini inalipa kodi ya nyumba.

Mwalimu Mstaafu
Binti yangu, salaam. Nimefundisha sekondari miaka 31, nyingi hapa Tanga. Wote wamesema kweli, ila hakuna aliyeuliza swali ambalo mimi ningeanza nalo. Kijana hapendi kuandika, au hapendi kuandika Kiingereza?

Mtoto wa shule zetu za msingi anasoma miaka saba kwa Kiswahili. Anaingia Kidato cha Kwanza, kila kitu kinageuka usiku mmoja. Kwenye hesabu haumii, kwa sababu x ya Kiswahili na x ya Kiingereza ni moja. Kwenye insha anaumia mara mbili, afikiri halafu atafsiri, na saa ya mtihani inakimbia. Nimewaona wengi wakikimbilia PCM, nusu yao walikuwa wanaipenda, nusu walikuwa wanakimbia maneno. Fanya uchunguzi kidogo kabla hujajaza fomu.

Mama wa Barabara ya 9
Shikamoo mwalimu. Umenishika pabaya. Jana usiku nimechungulia simu yake, mnisamehe, mie mama. Kumbe yumo kwenye kundi la mashabiki wa Coastal Union. Kaandika maelezo ya mechi ya juzi marefu kama risala ya harusi! Beki wa kushoto alikuwa anapanda dakika ipi mpaka ipi, nyuma yake pamebaki mita ngapi, kwa nini bao la pili lilikuwa linakuja tu hata kabla halijafungwa. Watu wanamjibu "endelea kocha". Na chini kachora uwanja na mishale. Huyu ndiye wa S ya GS?

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Basi huyo anaandika. Kilichotokea, vipimo vyake, sababu zake: hayo ndiyo majadiliano ambayo Fundi Waya alikuwa anayakimbia kwenda kula. GS inamtaka aseme habari za utandawazi ambao haujui, ripoti inamtaka aseme alichokiona. Dawa iliyobaki ni Kiingereza. Kuanzia sasa mpaka chuo kifunguliwe ana miezi kadhaa. Maelezo ya mechi ayaandike tena kwa Kiingereza, ukurasa mmoja kila baada ya mechi, hata kikiwa kibovu. Aniletee, nakaa Chumbageni, nitayasahihisha bure. Chuoni mwaka wa kwanza watampa somo la stadi za mawasiliano, asilidharau kama wanavyolidharau wengi.

Fundi Waya
Mwalimu amenimaliza 😅 Niongeze moja ambayo hakuna mtu aliniambia. Ukimaliza shahada hujawa injinia kamili. Unasajiliwa ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi) kama mhitimu, kuna mpango wa mafunzo ya vitendo wa miaka mitatu, na humo unajaza logibuku (daftari la kumbukumbu za kazi) na kuandika ripoti za ulichofanya. Ni sivili, ni umeme, ni mitambo, wote mlango ni huo. Mimi nilichelewa karibu miaka miwili kusajiliwa. Kazi nilikuwa nimefanya, vitabu vilikuwa vitupu.

Chenga
Kwa hiyo jibu la "upi hauna kuandika" ni hakuna?

Mpima
Wa kwangu una kidogo. Ila ataje mchungwa wake vizuri.

Mama wa Barabara ya 9
Nawashukuru wote, Mungu awalipe. Tumekaa leo baada ya magharibi. Kaondoa kemikali mwenyewe, Saruji usikasirike. Kaweka umeme wa kwanza, jiomatiki ya pili, mitambo ya tatu. Takwimu hajaikataa, kasema nimwachie usiku mmoja. Nimemwambia umeme aniandikie kwa nini, kwa Kiswahili, ili na mie nijue pesa ya vitenge inakwenda wapi. Kaniletea mistari mitatu na duara lenye mishale miwili inayozunguka. Duara nimelielewa, yule mshale mmoja anabaki nyuma ya mwenzake. Mistari bado.

Mwalimu Mstaafu
Jumamosi saa nne aje nayo hiyo karatasi. Na maelezo ya mechi.