Replikoni ya dengue: mwanga upo baada ya saa 6, kisha unazima. NS5 imekufa?

MaabaraUpanga
Habari wakuu. Tupo Dar, tunajenga replikoni (RNA ya virusi inayojinakili ndani ya seli bila kuunda virusi vipya) ya virusi vya dengue aina ya 2, ile iliyoenea jijini kwenye mlipuko wa 2014. Tumetoa jeni za kapsidi, prM na E (protini za umbo la nje la virusi), mahali pake tumeweka lusiferasi ya Renilla, kimeng'enya kinachotoa mwanga, ikifuatiwa na 2A, kipande kifupi kinachoitenganisha na protini inayofuata. RNA mikrogramu 10 inaingizwa kwenye seli za BHK-21 (za figo ya hamsta) kwa mshtuko wa umeme. Baada ya saa 6 mwanga ni mkali, saa 24 umeshuka, saa 72 hakuna kitu. Nadhani NS5, kimeng'enya cha virusi kinachonakili RNA, imepata badiliko ndani ya bakteria tunamokuzia DNA yake. Nianzie wapi?

UziChanya
Mkuu, usiilaumu NS5 kwanza. Mwanga wa saa 6 ni wa ribosomu zinazosoma RNA ileile uliyoiingiza. Jenomu ya dengue ni uzi chanya wa nyukleotidi kama 10,700, seli inaisoma kama mRNA yake yenyewe. Mwanga wa nakala mpya ni wimbi la pili, huanza kupanda kama saa 24 na kuendelea. Hilo ndilo limekosekana. Tengeneza kontroli yenye GDD ya NS5 (asidi amino tatu za kiini cha kazi yake) iliyogeuzwa kuwa GVD ili isinakili, uiweke sambamba. Mistari miwili ya mwanga kwenye grafu ikilingana, kunakili ni sifuri kabisa.

Umebakiza kodoni (herufi tatu tatu za RNA) ngapi za mwanzo wa kapsidi?

MaabaraUpanga
Tano tu, mkuu. Kontroli ya GVD tunayo, na mistari inalingana.

UziChanya
Basi tatizo ni hizo tano. NS5 haianzi kazi kwenye ncha ya 3' (mwisho wa RNA) inakonakili. Hushika kwanza SLA, kitanzi cha RNA kwenye ncha ya 5' (mwanzo), halafu jenomu inajikunja duara ili ncha ya 3' imfikie. Kinachofunga duara ni vipande vinavyooana pande zote mbili, na kimoja, 5'CS, kimelala ndani ya jeni ya kapsidi, karibu na kodoni ya 13 hadi 17. Wewe umekikata. Protini ya kapsidi haihitajiki, RNA yake inahitajika. Bakiza kodoni 38 za mwanzo, lusiferasi ifuate hapo.

Duara hilo ndilo swichi pia. Ribosomu inatoka 5' kwenda 3', polimerasi, yaani NS5, inatoka 3' kwenda 5', kwenye uzi uleule, haziwezi kupishana. Jenomu ikijikunja, shina lililo jirani na mwanzo wa usomaji hufunguka, NS5 inalegea kwenye 5' na kuhamia 3'. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote kwenye virusi hivi.

Kimeng'enya_DSM
Naongezea. Huo mwanga wa mwanzo hauthibitishi kuwa NS3, kimeng'enya kingine cha virusi, ni nzima. Kwa kuwa umeweka 2A, lusiferasi inaachiliwa bila protiasi ya NS2B-NS3 (mkasi wa virusi unaokata protini zake), kwa hiyo NS3 mbovu itakupa mchoro huohuo. Soma mpangilio wa plasmidi yote (duara la DNA linalobeba replikoni), si kipande cha NS5 peke yake. cDNA ya dengue (nakala ya DNA ya RNA yake) husumbua bakteria na hupoteza vipande. Tumia plasmidi ya nakala chache, kuza kwa nyuzi 30.

Hakikisha pia asidi amino 24 za mwisho za E zimebaki mbele ya NS1, protini nyingine ya virusi. Ndizo zinazoipitisha NS1 ndani ya retikulamu ya endoplazimu. Ikibaki nje, kunakili kunakufa hata NS5 ikiwa nzima.

Na ncha zenyewe: jenomu inaanza na AG, hivyo kofia (kifuniko cha kemikali cha ncha ya 5') ni m7GpppA, si ya G. Kwenye unukuzi (kutengeneza RNA kutoka DNA) weka m7GpppA milimola 5 kwa lita, ATP milimola 1, nyukleotidi nyingine tatu (GTP, CTP, UTP) milimola 5 kila moja. ATP ikizidi, RNA nyingi zinatoka bila kofia. Mwisho wa 3' uishie CU, bila mkia wa herufi za kimeng'enya cha kukatia.

MaabaraUpanga
Mkia wa E tunao. Nabadili kapsidi kwanza. Je, nikitia alama kwenye NS5 nitaona ilipo wakati inanakili?

Kimeng'enya_DSM
Kwa aina ya 2 utapotea njia. Sehemu kubwa ya NS5 hukaa kwenye kiini cha seli, wakati kunakili kunafanyika kwenye vifuko vya utando nje ya kiini. Fuata RNA ya nyuzi mbili, inayotokea wakati wa kunakili, kwa kingamwili ya J2 inayoishika badala yake.