Rangi inatoka na stika kwenye vigae kila nikibadilisha msimu, nifanyeje?

pambo_la_rafu
Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa wale wanaofanya mapambo ya nyumbani kwa mikono. Nina vigae vyeupe vya ukutani, vile vinavyong'aa, sentimita 15 kwa 15, nataka viwe vinakaa rafuni sebuleni na kila msimu nabadilisha picha, yaani mvua zikianza naweka miavuli na matone, maua yakichanua naweka maua, sikukuu nyota, mwaka mpya maneno tu. Ninachofanya napaka rangi ya akriliki kigae kizima, ikikauka nabandika stika ya vinaili (ile karatasi ya plastiki yenye gundi nyuma) niliyoikata na mashine, na kwa kweli kinapendeza sana. Shida ni pale msimu ukiisha, nikivuta stika inaondoka na rangi kigae kinabaki na mabaka meupe. Rangi naipaka mikono mitatu na naiacha usiku kucha kabla ya kubandika. Kuna praima maalum (ile ya kupaka kwanza ili rangi ishike), au ni stika ndo shida? Na nikipaka vanishi juu ya rangi itasaidia? Sipendi kupaka upya kila mara maana raha yote ya hiki kitu ni kubadilisha picha fasta.

msasa_laini
Dada stika haina kosa hapo. Kigae cha kung'aa kina tabaka la kioo juu, limechomwa tanuruni, halina vitundu vya rangi kuingia na kushika, kwa hiyo akriliki inakaa juu juu tu. Gundi ya stika ikiishika rangi kwa nguvu kuliko rangi inavyokishika kigae, ukivuta lazima vitoke vyote. Ndo maana vanishi haitakusaidia, hata ukipaka ngumu kiasi gani inashikana na rangi sio na kigae, utabandua vyote vitatu kwa pamoja.

Kazi iko chini kabisa. Osha kigae na sabuni ya vyombo kitoke mafuta yote, suuza, kausha, halafu piga msasa namba 220 taratibu mpaka ule mng'ao ufifie (lowesha msasa na vaa barakoa, vumbi lake sio la kuvuta), futa na spiriti, na baada ya hapo usiguse uso kwa vidole. Ndo unakuja na praima, ila iwe ile iliyoandikwa inashika kwenye kioo na vigae, ya mbao au ya ukuta wa kawaida haifai. Rangi mikono miembamba.

Halafu hilo la usiku kucha ndo limenishtua. Rangi kukauka kwa kugusa na rangi kukomaa ni vitu viwili tofauti kabisa. Usiku mmoja imekauka juu, ndani bado laini. Soma maelekezo ya chupa yako, rangi nyingi za vioo na vigae zisizochomwa huwa zinataka kama siku 21 hivi zikomae. Ukibandika kabla ya hapo gundi inazama kwenye rangi, na ile hewa na unyevu unaotoka unainua stika vipovu.

kisu_na_stika
Nakubaliana na mkuu hapo juu kuhusu praima, ila mimi ningeuliza swali tofauti, kwa nini upake rangi chini ya stika hata kidogo? Vinaili inapenda kioo. Kile kile kinachoikataa rangi, ule ulaini, ndo kinachoifanya stika ishike vizuri na itoke safi. Kwa hiyo geuza mpango: paka rangi fremu tu pembeni, sentimita mbili hivi kuzunguka, katikati acha kigae kitupu. Fremu inakaa mwaka mzima, stika zinakuja na kuondoka katikati na hazigusi rangi. Piga hiyo msasa pembeni tu, katikati linda na tepu ya karatasi ya wapaka rangi usije ukakikwaruza.

Na angalia aina ya vinaili unayonunua. Kuna ya kudumu na kuna ya kutoka. Kwa wanaotumia vinaili za chapa ya Oracal, namba 651 ni ya kudumu na 631 ndo ya kubandua, haing'ai sana na gundi yake ni nyepesi. Kwa unachofanya wewe chukua ya kubandua, 651 weka kwenye jina la familia au kitu ambacho hutaki kiguswe tena.

Kubandua nako kuna namna. Pasha stika kidogo na draya ya nywele, anzia kona, kisha vuta taratibu ukiikunja irudi nyuma sambamba na kigae, usivute kwenda juu. Ikibaki gundi kwenye sehemu tupu futa na spiriti, ila usiifikishe kwenye fremu!! Spiriti inalainisha akriliki iliyokauka, kwa dakika moja unaweza ukaharibu kona nzima. Pembeni ya rangi tumia maji ya vuguvugu na sabuni.

pambo_la_rafu
Asante sana wapendwa, wazo la fremu limenifungua macho, sikuwahi kufikiria hivyo kabisa. Sasa nataka fremu yenyewe iwe na mawimbi sio mstari ulionyooka, naweza kukata stika nikaitumia kuziba katikati wakati napaka? Naogopa rangi itapenya chini. Na hizi rangi za kuchoma kwenye oveni ni bora kuliko praima?

tanuru_dogo
Mawimbi yanawezekana kabisa. Kata umbo, libandike katikati, sugua kingo zote na kadi ya plastiki hasa kwenye mikunjo. Rangi usiimimine, chukua sponji kavu igonge kidogo kidogo ukianzia juu ya stika kwenda nje, mkono wa kwanza uwe mwembamba mno uzibe ule upenyo, halafu ndo uongeze. Toa stika rangi ikiwa bado mbichi kidogo, ikikauka kabisa ukingo unachanika unakuwa kama meno ya msumeno.

Kuhusu oveni, kwa kigae mimi napenda rangi za kuchoma kuliko praima, na kwa fremu ya kukaa mwaka hadi mwaka ndo ningekushauri. Hazihitaji msasa wala praima, usafi tu. Mfano Pebeo Porcelaine 150, ile namba ni joto lenyewe, unaiacha ikauke saa 24 halafu unachoma nyuzi 150 za Selsiasi dakika 35. Weka kigae oveni ikiwa baridi, dakika hesabu ikishafika joto, ukimaliza zima ukiache kipoe humo humo, kikitolewa cha moto kinaweza kupasuka. Na kabla ya kuchoma hakikisha hakuna kipande hata kidogo cha vinaili kimebaki, ile ni plastiki ya PVC, moshi wake haufai kuvuta. Stika za msimu zinakuja mwisho, kigae kikishapoa.

kisu_na_stika
Naongezea hapo kwa tanuru, kwa sababu hiyo hiyo ya PVC, kama kuna anayefikiria kukata vinaili na mashine ya leza, hapana kabisa, inatoa gesi ya asidi inayoumiza mapafu na kuila mashine. Kisu tu. Na vigae hivyo visije vikageuzwa kuwekea sufuria ya moto mezani, stika inalainika na kujikunja.

pambo_la_rafu
Nimeelewa, naenda na ya kuchoma kwa fremu na vinaili ya kubandua katikati. La mwisho, nyuma ya kigae kunakwaruza rafu, na kimoja nataka nikitundike, gundi ya moto itashika ndoano?

msasa_laini
Ya moto usiiamini kwa uzito huo, ikikaa muda inaachia tu hasa nyumba ikiwa na joto. Tumia gundi ya epoksi, ile ya kuchanganya mbili, nyuma hakujang'arishwa kwa hiyo inashika vizuri, futa vumbi kwanza na ulaze kigae kifudifudi saa 24 kabla ya kukitundika. Cha rafuni bandika vipande vinne vya kitambaa kizito kwenye kona, na kingo kali zipitishe msasa.