Buchosa: Nani karuhusu vipindi vya Kiingereza vya watoto wetu viuzwe kwa wageni wa likizo?

Wakuu, heshima kwenu. Huwa nasoma tu humu, leo nafungua uzi kwa sababu nimejaa hasira na pa kuipeleka sijapaona. Mods, naomba msiuunganishe na zile nyuzi za ajira za walimu. Zinagusana, lakini hili ni jingine.

Mimi ni mama, nafanya biashara ya dagaa, naishi Buchosa mkoani Mwanza. Binti yangu yuko Kidato cha Pili shule ya kata. Jina la shule silitaji kwa sababu watoto bado wako pale, na kwa ninavyosikia kwa wenzangu wa mialo mingine (huko mitumbwi inakoshusha samaki), siyo shule moja. Novemba hii wanafanya upimaji wa taifa. Sasa tangu shule zifunguliwe Julai hadi juzi hapa, vipindi vyote vya Kiingereza vya Kidato cha Pili alikabidhiwa msichana wa Kizungu wa miaka kumi na tisa. Amemaliza sekondari kwao, anasubiri kuingia chuo kikuu. Ualimu hajasomea. Ana cheti cha mtandaoni cha kufundisha Kiingereza, cha saa 120, basi. Na mwalimu wetu aliyekuwa anafundisha somo hilo akaambiwa apumzike kwanza, ampishe mgeni.

Aliyeambiwa apumzike ni dada wa hapa hapa kanda ya ziwa. Ana shahada ya ualimu, miaka mitatu chuoni, Kiingereza na Historia, BTP, yaani mazoezi ya kufundisha mashuleni, kaimaliza. Ajira hana. Kila nafasi zikitangazwa anaomba, usaili anakwenda, anarudi. Wakati anasubiri anajitolea kwenye shule yetu, na sisi wazazi tunamchangia. Ikifika elfu sitini kwa mwezi tunashukuru Mungu. Kapanga chumba karibu na mwalo. Watoto wanamwita Madam, na mimi humu nitamwita hivyo hivyo.

Madam anajua vitu ambavyo havimo kwenye cheti cha saa 120. Anajua kwamba usiku wa giza ndio usiku wa dagaa. Giza likiingia, wavulana wa Kidato cha Pili na cha Tatu wanakwenda ziwani na taa, asubuhi wanalala. Wasichana wanabaki mchangani kuanika. Mbalamwezi ikirudi, kazi inasimama na darasa linajaa. Basi yeye azimio lake la kazi, yaani mpango wa mada za muhula, kalipanga kwa kuangalia mwezi. Mada ngumu anazifundisha darasa likiwa limejaa, wakati wa giza anafanya marudio, na jioni anawakusanya waliokosa chini ya miembe. Hakuna aliyemtuma. Na mtoto wa Kisukuma au wa Kizinza anapomwita mama yake kwa kiwakilishi cha kiume katika Kiingereza, Madam hamcheki. Anajua kosa limetoka wapi, maana kwetu "yeye" ni yeye, mwanamume au mwanamke. Anamweleza kwa Kiswahili, akikwama anamweleza kwa Kisukuma, mtoto anaelewa, wanaendelea.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu mgeni kaja, mwenyeji kanyang'anywa chaki.

Nilianza kushtuka nilipoomba daftari la binti yangu. Kabla ya Julai limejaa: tarehe, mada, mazoezi kumi kumi, kalamu nyekundu kila mstari, insha fupi iliyorudishwa mara mbili ikaandikwa upya. Kuanzia Julai kurasa zinaanza kupumua. Mchoro wa twiga. Mchoro wa familia, kila mtu na jina. Maneno ya wimbo wa kugusa masikio na magoti. Mtoto wa miaka kumi na tano, anayetegemewa Novemba akae kwenye upimaji wa taifa, anaimbishwa wimbo wa chekechea! Halafu kuna ukurasa mmoja nimeupiga picha na ninao kwenye simu. Kaandika sentensi nane, na mimi mwenye elimu yangu ya Kidato cha Nne naona makosa kwenye sita. Chini yake hakuna kalamu nyekundu. Kuna vema moja kubwa na kikatuni cha uso unaocheka. Binti yangu akanionyesha kwa furaha, "Mama, nimepata zote." Nilitoka nje.

Naomba mnielewe, sina ugomvi na yule msichana. Mpole, alikula kwangu sato mara moja, alisalimia watu vizuri, na siku anaondoka alilia kweli. Yeye mwenyewe kauziwa. Alinieleza kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba aliambiwa shule haina kabisa mwalimu wa Kiingereza. Alipogundua Madam yupo aliona haya, akaomba wafundishe pamoja, ofisini wakamwambia hapana, ratiba imeshapangwa. Hasira yangu ni kwa waliompangia.

Biashara yenyewe inakwenda hivi. Mjini Mwanza kuna dalali, ana ofisi na ukurasa wa mtandaoni wenye picha za watoto wetu. Kijana wa Ulaya au Marekani anachagua: wiki mbili, wiki nne, wiki sita, bei kwa dola. Wiki nne zinapita dola elfu moja. Humo kuna kupokewa uwanja wa ndege, chumba, chakula, na mwisho wa wiki Serengeti, maana kutoka Mwanza mjini geti la Ndabaka la kuingilia hifadhini siyo mbali. Kwa hiyo Ijumaa mwalimu hayupo, na Jumatatu anakuja mchana amechoka. Shule inaambulia makopo ya rangi, mipira miwili na pilau siku ya kuaga. Madam haambulii kitu. Fedha ambayo ingemlipa mwaka mzima, tena kwa heshima, inapita juu ya kichwa chake na kurudi mjini.

Zamani angalau barabara iliwachuja. Kuja huku ulipanga foleni ya kivuko, ukifika umefika kweli. Tangu Daraja la JPM la Kigongo–Busisi lizinduliwe Juni 2025, dalali anawashusha asubuhi na gari na jioni anawarudisha hotelini. Daraja tumelisubiri miaka na tunalishukuru, mzigo wangu wa dagaa unafika mjini mapema. Sikudhani litarahisisha na hili.

Na angalieni majira. Likizo yao kubwa ni Juni, Julai na Agosti, kwa hiyo ndipo wanapokuja. Kwetu Juni shule zimefungwa. Mwaka huu kuna kundi liliwahi kufika, basi watoto wa shule ya msingi jirani wakaitwa kutoka likizo, wavae sare, wakae darasani ili wageni wapate wa kufundisha! Wengine walitolewa kwenye kuanika, wengine shambani. Julai na Agosti ndiyo mbaya zaidi, maana Darasa la Saba wanafanya mtihani Septemba, Kidato cha Pili na cha Nne Novemba. Miezi ambayo mwalimu mzoefu anatakiwa asibanduke ndiyo miezi tunayompa mtu wa kupita.

Nilikwenda kwa mkuu wa shule. Nilikwenda kwa adabu, nikasalimia, nikakaa.

"Mkuu, nimekuja kuhusu Kiingereza cha Kidato cha Pili."

"Mzazi, hiyo ni bahati. Wenzako wa mjini wanalipa mamilioni watoto wafundishwe na Mzungu, wewe umeletewa bure. Watoto watapata lafudhi."

Lafudhi! Wakuu, mtihani wa NECTA (Baraza la Mitihani) wa Kiingereza unaandikwa, hauzungumzwi. Hakuna msahihishaji atakayesikia lafudhi ya binti yangu. Atasoma alichoandika, na alichoandika ni zile sentensi nane. Na hapa siyo somo moja tu linaloathirika. Watoto hawa wamesoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili, halafu Kidato cha Kwanza kila kitu kinageuka: Baiolojia, Jiografia, Hisabati, vyote kwa Kiingereza. Mtoto asiposhika Kiingereza mwaka wa kwanza na wa pili, huko mbele anakariri tu. Ndiyo maana huyu mwalimu wa Kiingereza wa vidato vya chini alitakiwa awe wa mwisho kuguswa.

Nikamuuliza mkuu kama mgeni ana leseni ya kufundisha. Akasema anajitolea tu. Lakini Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka anayefundisha awe amesajiliwa au awe na leseni, na mwaka 2018 ikatungwa sheria nzima ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu. Watoto wetu wanaomaliza vyuo vya ualimu vya Butimba na Murutunguru wanabanwa kwa vyeti hadi nakala iliyofifia inakataliwa. Nikauliza kibali. Viza ya utalii hairuhusu kufanya kazi, hata ya kujitolea. Mtu wa kujitolea anatakiwa awe na kibali cha ukaazi daraja C. Mkuu akasema hayo ni mambo ya wakala. Kwa hiyo anayekaa na watoto wangu kutwa nzima, nyaraka zake anazijua wakala? Uingereza kwenyewe, mtu anayekuja kufanya kazi na watoto shuleni anakaguliwa kwanza rekodi yake ya makosa ya jinai. Hapa tumekagua nini zaidi ya rangi ya ngozi?

Kuna jambo la picha ambalo limenikaa kooni. Binti yangu yupo kwenye ukurasa wa yule dalali. Kapigwa siku ya usafi, ndoo kichwani, miguu peku, sketi imepandishwa isilowe. Maelezo chini yanaomba watu waje kuwasaidia watoto wasio na chochote. Viatu anavyo, nimemnunulia mimi kwa dagaa wangu, siku hiyo vilikuwa vimewekwa darasani visiingie tope. Hakuna aliyeniomba ruhusa. Nchi ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2022, na kwa mtoto ni mzazi anayetakiwa kuridhia. Nimeandika ujumbe kuomba iondolewe. Wameusoma, kimya.

Nimeona mchangiaji hapo chini anasema nina wivu, na kwamba wageni wamefundisha Tanzania tangu uhuru na wengi wetu tumesomeshwa nao. Kaka yangu, unasema kweli na ndiyo inanitia uchungu zaidi. Wale wa Peace Corps, Wamarekani wa kujitolea, walikuwa wanaanza na mafunzo ya miezi kadhaa, Kiswahili kikiwamo, ndipo wanapelekwa kituoni kukaa miaka miwili. Mama yangu mdogo alifundishwa Hisabati na mmoja wao na hadi leo anamtaja kwa heshima. Yule aliwekwa pale ambapo mwalimu hakuwepo, akakaa, akaonekana na mvua na kiangazi. Hakumtoa mtu darasani.

Mwingine anasema nchi ina upungufu wa walimu kwa hiyo tupokee yeyote. Upungufu upo shuleni kwetu, siubishi. Lakini walimu wenyewe wapo mitaani, wamesoma, wanaendesha bodaboda na kuuza vocha hapo Nyehunge. Kinachokosekana ni ajira, na mgeni wa wiki sita hajibu hilo hata kidogo. Tena mkuu wa shule akiweza kuandika kwenye ripoti kwamba Kiingereza kina mtu, hilo pengo litaonekana wapi?

Mimi sitaki wageni wafukuzwe. Waje, wakae nyuma ya darasa la Madam, jioni waongee na watoto, waendeshe midahalo, wasome nao vitabu. Watoto wanapenda na mimi napenda. Lakini vipindi vya kwenye ratiba abaki navyo mwalimu aliyesomea, Julai hadi Novemba asiguswe mwalimu wa darasa la mtihani, na kila mgeni anayeletwa, sehemu ya dola zake iingie akaunti ya shule kwa risiti na imlipe huyo anayejitolea mwaka mzima. Dalali asiyetaka hayo apite kushoto.

Madam amerudishiwa vipindi wiki hii, baada ya mgeni kuondoka. Hajapewa hata pole. Amekuta mada tatu hazijaguswa, ameanza kuwakusanya jioni tena, na juzi nilimkuta anahesabu na kalenda giza lijalo linaangukia tarehe ngapi.

Jumamosi kuna kikao cha wazazi na bodi ya shule. Tumeshakubaliana wazazi kadhaa tutasimama. Ninachoomba humu: mwenye waraka wowote wa Wizara ya Elimu au TAMISEMI kuhusu wageni kufundisha shule za serikali auweke hapa, na anayefanya kazi halmashauri aniambie kwa inbox barua ya kuwaruhusu inasainiwa na nani, Afisa Elimu Sekondari au Mkurugenzi. Na wazazi wa Sengerema, Ukerewe na Magu mliokutana na hili, semeni lilikuwa darasa gani na mwezi gani. Nitayachapisha yote steshenari siku ya Ijumaa niende nayo.