Nauza snoubodi ya kavingi na baindingi zake, ila nimeletewa barua ya kodi

Mama Pacha, Bayern:

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi. Nina mambo mawili na yote yameingiliana.

La kwanza nauza snoubodi yangu ya kavingi, yaani ubao wa kutelezea kwenye theluji kwa kukata kona, sentimita 163, nimeipanda siku tisa tu tangu niinunue Novemba 2023. Ubao ulikuwa euro 640, baindingi (vifungio vya buti) 210, naomba 480 vyote pamoja. Ni baindingi za sahani za buti ngumu, zile zenye chuma kimoja mbele kidoleni na kingine nyuma kisiginoni, sio za mikanda. Tunahamia Bremen mwezi wa tatu, mume kapata kazi kule na kule ni tambarare tupu, kuipanda tena ni ndoto.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Mwaka jana niliuza vitu vya pacha walivyoviacha, nguo, vitanda, gari la kusukuma, vyote mtandaoni kimoja kimoja, kuja kuhesabu vimefika 34. Leo nimekuta barua ya ofisi ya kodi ya hapa Ujerumani, Finanzamt, kwenye sanduku wanataka nieleze hayo "mapato". Pacha wamelala, mimi nimekaa jikoni na hiyo barua nimeisoma mara nne. Sasa naombeni mnisaidie, nijaze Anlage SO, ile fomu ya kodi ya mapato mengine, au nijibu kwa barua ya kawaida tu? Na hii snoubodi niiuze sasa au nisubiri wasije wakaihesabu nayo?

---

Mzee wa Leipzig:

Marhaba mwanangu, pole na usitishike. Hiyo ni PStTG, sheria inayotaka mitandao ya mauzo iripoti wauzaji, ipo tangu 2023. Mtandao ukiona mtu kafikisha mauzo 30 kwa mwaka au euro 2000 lazima upeleke jina lake BZSt, ofisi kuu ya kodi ya shirikisho, na BZSt wanasukuma kwa Finanzamt yako. Kuripotiwa sio kudaiwa. Mimi mwenyewe niliuza baiskeli tatu na vyombo vya marehemu mke wangu, nikaletewa barua kama yako, nilikasirika sana maana vile vyombo viliniuma kuviuza halafu mtu ananiuliza nimepata faida gani. Nikajibu, yakaisha. Chini ya 600 hulipi kitu.

---

Mhasibu Köln:

> Chini ya 600 hulipi kitu.

Mzee samahani hapo unampotosha dada. 600 ilikwisha, tangu 2024 ni 1000. Halafu hiyo ni FAIDA, sio bei uliyouzia. Mtu kanunua gari la kusukuma watoto kwa 300 kaliuza 90, faida iko wapi? Na ni Freigrenze sio Freibetrag, maana yake faida ikifika hiyo 1000 inatozwa yote tangu euro ya kwanza, sio kile kilichozidi tu, watu wengi wanaungua hapo. Juu ya hayo yote vitu vya matumizi ya kila siku havihesabiwi kabisa, na vingine ukikaa navyo zaidi ya mwaka mmoja ndio vinatoka. Snoubodi ya 2023 mwaka umeshapita, na anaiuza kwa hasara. Tatizo ni kwa wale wanaonunua ili wauze, hao ni biashara, ni habari ya EÜR, hesabu ya mapato kutoa matumizi, mambo mengine kabisa.

---

Mzee wa Leipzig:

Mhasibu mimi niko nchi hii tangu 1991, barua yangu ilikuwa ya mauzo ya 2023 na mwaka huo ilikuwa 600, sijampotosha mtu. Nimemwambia asitishike, na hilo liko palepale.

---

Msee wa Stuttgart:

Mama Pacha pole sana. Mimi niongelee hiyo ya kuuza juu najua uchungu wake. Usikubali kutuma kabla hujapiga hesabu, pakiti ya kawaida ya DHL mwisho ni sentimita 120, ubao wako wa 163 ni Sperrgut, mzigo uliozidi vipimo, unalipia zaidi, na mnunuzi ataanza kulia kwamba hakuambiwa. Andika kwenye tangazo Abholung tu, aje achukue mwenyewe na cash mkononi. Enyewe wale wa kukutumia link ya malipo eti bonyeza uweke namba ya kadi, hao ni wezi, usijibu hata.

Na kitu cha maana sana, andika ile sentensi ya kwamba unauza kama mtu binafsi na hutoi Gewährleistung, yaani huwajibiki kwa kasoro. Mimi sikuiandika niliponunuliwa ski zangu, jamaa akarudi baada ya wiki tatu eti zina ufa, nikarudisha nusu ya pesa na ufa wenyewe sijauona hadi leo.

---

Dada wa Allgäu:

Jamani mmeacha snoubodi mmekimbilia sheria. Mimi napanda buti ngumu mwaka wa sita sasa, ngoja niseme kitu maana ubao wa kavingi sio kama snoubodi ya kila mtu. Ni mwembamba, una mwelekeo mmoja, miguu inakaa imeelekea mbele kabisa, mimi niko nyuzi 55 mbele na 50 nyuma, na mwenye buti laini akija kuununua bila kujua atakurudishia siku ya pili. Kwa hiyo taja buti ngumu mstari wa kwanza kabisa.

Mnunuzi anayejua ataupindua kwanza kabla ya kuangalia rangi. Atapitisha kucha taratibu kwenye kingo za chuma toka puani mpaka mkiani, kucha ikikwaruza mahali ujue pamegonga jiwe. Ataangalia kama matabaka yameanza kuachana pale mkiani, hasa ukiwa na Titanal ndani, lile bati la aloi ya aluminiamu. Kama umeuhifadhi na nta usiikwangue, ile nta inazuia kutu na inamwonyesha mtu kwamba ulijali. Baindingi zing'oe, upige picha yale matundu ya skrubu kama ni mpango wa 4x4 (sentimita nne kwa nne), skrubu za M6 ziweke kwenye kifuko usipoteze hata moja. Na taja urefu wa soli ya buti kwa milimita, namba ya kiatu peke yake haitoshi.

Siku tisa tu kweli? Inaniuma kidogo. Ile kona ya kwanza ukingo unaposhika na theluji inakatika kama mkate, mkono unagusa chini, huwezi kumweleza mtu akaelewa.

---

Mchagga wa Hamburg:

Dada umenikumbusha mbali. Mimi nimekua naiona theluji kila asubuhi, saa kumi na mbili kabla mawingu hayajaifunika Kibo, bibi anatuambia leo mlima umefungua uso. Miaka kumi na nane naiangalia na sijawahi kuigusa, theluji ya kwanza kuigusa ni ya hapa kwenye maegesho ya gari, nikampigia mama simu nikashindwa kuongea.

Na mwaka jana nimechukua uraia wa hapa. Wajerumani tangu tarehe 27 Juni 2024 wanakubali uwe na viwili, nchi yangu ndio haikubali. Nimeenda kumzika mama naingia kwetu na viza, napanga foleni ya wageni. Nasema haya kwa moyo mzito, wakubwa wanaotutaka tutume pesa kila mwezi walitazame hili.

---

Msee wa Stuttgart:

Pole sana kaka kwa msiba wa mama. Sisi Kenya tulimaliza hiyo kwa Katiba ya 2010, pasipoti ziko mbili. Mungu awafungulie na nyinyi.

---

Mhasibu Köln:

Pole kaka. Ila ile hadhi maalum ya Tanzania kwa diaspora isichanganywe na uraia, hivyo ni vitu viwili tofauti, tufungue mada yake, hapa tunafunika swali la dada wa watu.

---

Dada wa Allgäu:

Mama Pacha bado ipo? Kuna binti namfundisha anavaa buti saizi 25.5, soli ni ngapi?

---

Mama Pacha, Bayern:

Asanteni sana wote, nimesoma kila neno. Mchagga pole mno, Mungu ampumzishe mama.

Dada ipo. Buti zangu soli ni milimita 290, lakini vile vyuma vya mbele na nyuma vinasogezwa, nimejaribu sasa hivi hapa sakafuni vinasogea vizuri na havina kutu. Kingo nimepitisha kucha kama ulivyosema, kuna mkwaruzo mmoja mdogo karibu na mkia upande wa kisigino, nitaupiga picha mchana kukiwa na mwanga, mwambie binti mapema asije akashtuka. Jumamosi niko nyumbani siku nzima, aje na buti zake tuzipime.

Barua wamenipa mpaka tarehe 14. Anlage SO au barua ya kawaida, na kama ni barua naituma kwa posta au kwa ELSTER, ule mfumo wa kodi wa mtandaoni? Mzee, wewe ulijibu vipi?