Mrejesho: mashimo ya Chololo, kwa nini mtama ulikauka Februari

Habari za humu, wakuu. Swali langu lilikuwa hili: shamba la mtama lenye mashimo ya Chololo (mashimo madogo ya kupandia, yanayokinga maji ya mvua), hapa Dodoma, lilikauka kwenye ukame wa Februari sawa tu na shamba la jembe. Ahsanteni sana kwa majibu, tatizo limepatikana.

Vipimo vilikuwa sahihi: upana sm 22, kina sm 30, sm 60 shimo hadi shimo, sm 90 mstari hadi mstari. Hiyo ni takriban mashimo 7,500 kwa ekari, kwa hiyo uchimbaji uanze kiangazi, si mawingu yakishatanda.

Kosa lilikuwa kwenye kujaza. Mashimo yalifukiwa mpaka usawa wa ardhi, maji yakapita juu kama kwenye sakafu. Sasa shimo linaachwa na kibonde cha vidole vinne hivi, na udongo uliobaki unawekwa upande wa chini wa mteremko, umbo la mwezi mchanga. Mvua ikikatika, ingiza kidole kibondeni: udongo bado unashikana, wakati pembeni ni vumbi.

Kosa la pili ni samadi mbichi, iliyounguza miche. Tumia iliyooza, nyeusi, isiyonuka. Chini kabisa tangulizeni jivu, maana mabua makavu yanayowekwa shimoni yanaita mchwa.

Mbegu ni Macia, inayokomaa mapema. Mbegu nne kwa shimo, kisha punguza ibaki miche miwili. Hapo msione huruma.

Mashimo msiyafukie baada ya mavuno, msimu ujao ni kusafisha na kuongeza samadi tu.