Muzee wetu wa force navale: miaka ya bato na miaka ya inchi kavu, tuandike namna gani?

MwanaBirere (Goma)
Bandugu jambo, mutuamulie hapa. Muzee wetu, kaka mukubwa wa baba, aliingiaka jeshi mbele inchi haijaitwa Zaïre, kisha wakamupeleka force navale (jeshi ya maji), mekanisye, akakaa humo mpaka pansyo. Tunataka kuandika kazi yake yote mu page mbili tatu, wajukuu wajue, na pia kuna dosye ya pansyo yenye imelala. Tumefungua kantini yake (sanduku yake ya jeshi), makaratasi iko mingi lakini vurugu tupu: Banana (port ya ku bahari), Matadi, Kinshasa, Kalemie, zingine zinataja vedeti (bato ndogo za kulinda maji), zingine zinasema tu base na jina ya muji. Sasa tonton mumoja hapa nyumbani anasema tuandike miaka ya bato peke yake, eti mubaharia ni bato, miaka ya ateliye ni fundi wa garaji mwenye kuvaa uniforme. Vijana wa avenue nao wanacheka, eti navy ya huku ilikuwa inapigana na sambaza, tusamaki twa ziwa. Ukimuuliza muzee mwenyewe hajibu kwa mwaka, anajibu kwa moteri, tena kwa Lingala ya jeshi. Juzi tumekaa nje, kano rapide moja inatoka port kwenda Bukavu, akasema ile iko na injektere ya kufa, na hata kichwa hakugeuza.

Da Furaha_Bkv
Kaka, heshima kwa tonton lakini hapo amekosa. Papa yangu pia alikuwa mu navy, na kitu chenye watu hawaelewi ni kwamba mu Congo maji haishikane. Angalia karte. Bato ya Matadi haiwezi kupanda Kinshasa, maporomoko iko hapo katikati, njo maana walijenga reli, ikamalizika 1898. Ya Kinshasa nayo inapanda mto mpaka Kisangani na inaishia hapo. Ya Tanganyika haiwezi kufika Kivu, juu Ruzizi inashuka kutoka mita karibu 1,460 mpaka karibu 770, ni mawe na maporomoko. Kwa hiyo mutu akipata mutasyo, bato inabaki, mutu njo anahama. Anafika Kalemie na valise yake, bato zenye atatumikia ni zingine kabisa, anaanza kujifunza tena.

Na maji yenyewe ni tofauti. Banana ni chumvi, inakula chuma usiku na muchana, mekanisye wa kule anashinda na brosi na rangi. Mu mto, kati ya Boma na bahari, muchanga inahamahama, njia ya mwaka jana leo ni kisiwa. Kalemie hakuna chumvi lakini kiangazi upepo wa kusini unapiga Tanganyika mpaka mawimbi inakuwa ya bahari kweli. Muulize muzee juu ya pompe ya maji ya kupoza moteri, wapi zilikuwa zinaziba na nini, atakupa base zote moja moja bila kukosea.

Ateliye nayo, jamani. Ile wakati China ilitoa vedeti za Shanghai, miaka ya 70, kila moja ilikuwa na dizeli ine ndani, mu kachumba kenye joto na makelele, na pièce zinatoka mbali. Unafikiri nani alikuwa anazifufua? Si wale wanapiga salute juu. Mutu aliyekaa ku base anafungua moteri alikuwa anafanya navy kuliko yule aliyekaa ku bato yenye haiwaki.

Mwalimu_Kadutu
Da Furaha amesema yote, niongeze ya makaratasi tu, juu njo itawasumbua ku pansyo. Yenye haina tarehe, angalia majina. Ikisema Albertville ao Léopoldville ni mbele ya 1966, kisha hapo ni Kalemie na Kinshasa. Ikisema inchi ni Zaïre, ni kati ya Oktoba 1971 na Mei 1997. Na jina la muzee: kama kuna karatasi anaitwa kwa jina la ubatizo na zingine hana, usiogope, 1972 Mobutu alikataza majina ya kizungu, watu wote wakachukua postnom, jina ya kienyeji. Lakini ofisini wanaweza kusema ni watu wawili, hiyo nimeona kwa wazee wengi. Tafuteni karatasi moja yenye majina yote mbili, hiyo iko na bei kuliko medali.

Katuba_Gars (L'shi)
Ndugu, bale banacheka eti navy bila bahari hawajue hata historia ya inchi yabo. Bahari tuko nayo, kadogo, kilometa kama 37, lakini vita ya navy yenyewe ilipigwaka ku Tanganyika. 1915 Baingereza balileta bato mbili, Mimi na Toutou, ku train toka Cape Town, zikapita paka hapa kwetu Elisabethville mpaka Fungurume, kiisha zikakokotwa na ng'ombe na matrakta ya mvuke ku milima ya Mitumba, train tena, mto Lualaba, train tena, mpaka karibu na Kalemie. Tarehe 26 Desemba zikakamata bato ya Wadachi (Bajerumani), Kingani. Na mukubwa yabo, Spicer-Simson, mbele bamupatie ile kazi alikuwa ku biro mu London. Sasa ule tonton atamukatia miaka ya biro?

MwanaBirere (Goma)
Aksanti sana. Nimemusomea tonton, amenyamaza, sasa anasema tuandike yote lakini bato zitangulie. Hapana, tutafuata miaka tu. Muzee nimemuuliza ya pompe, ameanza Banana, mpaka saa hii hajafika hata Matadi. Mwalimu, ile karatasi ya majina mbili tumeipata, iko na muhuri lakini panya amekula kona, bado itakubaliwa?

Mwalimu_Kadutu
Kama matricule, namba yake ya jeshi, inasomeka, peleka. Piga fotokopi kwanza, orijino usiachie mutu.